Makaratasi ya Bibi Salme, Binti wa Seyyid Said

Katika kurasa hizi tumezoea kuandika habari za maaskofu na mapadre waliotutangulia, kama Askofu Steere, Askofu Weston na Padre Cecil Majaliwa, ambaye mwaka 1890 alipata upadre wa kwanza kwa Mwafrika katika misheni yetu. Mara hii twataka kuandika habari za mtu ambaye hakuwa padre wala mtawa, wala hatajwi sana mimbarini. Huyu ni Bibi Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan, ambaye baada ya kubatizwa aliitwa Emily Ruete. Habari zake watu wengi wa Unguja wanazijua nusu. Hujua kwamba alikimbia na Mjerumani, na hapo hadithi hukatika. Lakini huyu bibi aliishi karibu miaka sitini zaidi baada ya kukimbia, na miaka hiyo mingi aliimaliza kwa kuandika: barua kwa ndugu zake, maombi kwa wafalme, madai ya mirathi, na kitabu cha maisha yake. Kwa makaratasi hayo twaweza kumjua vizuri zaidi kuliko mtu mwingine yeyote wa ukoo wake.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni. Sisi tunaokaa Michenzani tukipanda gari la Bububu, kabla ya kufika mwisho wa safari twayapita magofu ya jumba hilo yaliyo pembeni mwa bahari. Mama yake aliitwa Jilfidan, naye alikuwa suria, Mcherkesi aliyechukuliwa utotoni kutoka kwao na kuuzwa. Neno hili ni vizuri msomaji alishike tokea mwanzo, maana tutalirudia: bibi huyu mama yake alikuwa mtu aliyenunuliwa. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni mtoto halali na huungwana sawa na wenziwe, basi Salme alikuwa Bibi, binti wa mfalme, mwenye watumishi tokea mchanga.

Katika nyumba ile watoto wa kike walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri. Alichukua msahafu akawa anazinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia, uliotumiwa kama ubao, mpaka mkono ukazoea. Jambo hilo lilipojulikana watu walimsema. Sisi twaona kwamba mambo yote yaliyompata baadaye, ya heri na ya shari, yalitokana na mfupa ule.

Seyyid Said alifariki dunia baharini mwezi wa Oktoba 1856, karibu na visiwa vya Shelisheli, alipokuwa akirejea kutoka Omani. Aliacha watoto 36 walio hai. Mali yake iligawanywa kwa faraidhi, mtoto wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Salme alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili tu, lakini alihesabiwa kuwa mtu mzima ili apewe haki yake. Alipata shamba lenye nyumba, pamoja na fedha yenye thamani ya pauni 5,429. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1859, mama yake naye alifariki kwa kipindupindu, na Salme akarithi mashamba matatu zaidi. Basi msichana wa miaka kumi na mitano alikuwa na mashamba, watumwa na nyumba zake mwenyewe, wala hapakuwa na mwanamume wa kumsimamia. Msomaji akumbuke hali hii atakaposoma jinsi mambo yalivyokuwa Hamburg.

Mwaka huo huo wa 1859 fitina iliingia katika ukoo. Majid ndiye aliyekuwa ameshika ufalme wa Unguja baada ya baba yao, na Barghash, ndugu yake, aliutaka. Salme alimpenda Majid, maana alilelewa kwa muda katika nyumba yake, lakini dada yake Khole alikuwa upande wa Barghash, naye akavutwa. Kwa kuwa alijua kuandika, alifanywa mwandishi wa njama. Barua za kuomba watu, silaha na risasi zilitoka mkononi mwake. Nyumba ya Barghash ilipozungukwa na askari, Salme na Khole waliingia ndani wakamtoa katikati ya kundi la wanawake, amevaa nguo za kike, askari wasimtambue. Alikwenda kwenye shamba lililoitwa Marseilles, na huko vita ilipiganwa, na Waingereza wakamsaidia Majid kwa mizinga. Watu wengi walikufa, na wengi katika hao walikuwa watumwa ambao ugomvi wa kifalme haukuwahusu. Barghash alijisalimisha akapelekwa Bombay. Majid hakumwadhibu Salme. Baada ya muda walipatana, na kupatana huko Barghash hakukusahau mpaka anakufa.

Salme alikaa miaka kadhaa mashambani, Kizimbani na Bububu. Wakati huo, mwezi wa Agosti 1864, Askofu Tozer na Padre Steere waliwasili Unguja, na Seyyid Majid akawapa wavulana watano waliokuwa wametolewa katika jahazi la watumwa. Kila Mkristo wa Mkunazini azijua habari za wavulana wale watano, kwa kuwa ndio mwanzo wa kanisa letu. Wachache hukumbuka kwamba aliyewatoa alikuwa kaka yake Bibi Salme, na kwamba wakati wale watoto walipokuwa wakifundishwa Baba Yetu, yeye alikuwa katika kisiwa hiki hiki, mwanamke wa miaka ishirini aliyekuwa hajui habari za Ukristo.

Baadaye alirudi kukaa mjini. Jirani wa nyumba yake alikuwa kijana Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa kampuni ya Hansing ya Hamburg. Watu wa Hamburg walikuwa na biashara kubwa hapa, na tokea 1859 walikuwa na mkataba na Seyyid. Nyumba zilikuwa karibu karibu, dari ya yule kijana ikiwa chini ya ya Salme, na kutoka juu aliweza kuona Wazungu wakila na kuzungumza. Mambo yalianza kwa kutazamana yakaishia pabaya kwa desturi za wakati ule: Salme alichukua mimba. Kwa binti wa mfalme jambo hilo lilikuwa hatari ya roho yake. Hatuandiki haya ili kumsifu wala kumwaibisha. Yaliyotokea ndiyo hayo, na mwenyewe alipoandika kitabu chake aliyapita upesi sana, kama mtu apitaye mbele ya nyumba yenye msiba.

Aliyemsaidia ni Bibi Emily Seward, mke wa daktari aliyekuwa akishika kazi ya balozi wa Kiingereza. Tarehe 24 Agosti 1866, katika siku za sherehe ya Mwaka, wakati watu wanapokwenda pwani usiku kukoga, Salme naye alishuka pwani kama aendaye kukoga. Mashua ilikuwa ikimngoja. Ilimchukua mpaka manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, nayo ikatweka kwenda Aden. Hakupata kumuaga mtu.

Huko Aden alingoja miezi mingi, kwa kuwa Ruete alikuwa amebaki Unguja akimaliza hesabu za biashara. Mtoto wa kiume alizaliwa mwezi wa Desemba 1866. Salme alifundishwa dini, na tarehe 30 Mei 1867, mara baada ya Ruete kufika, alibatizwa katika kanisa la Kiingereza la Aden, akapewa jina la Emily kwa ajili ya yule bibi aliyemwokoa, na siku ile ile wakafunga ndoa. Basi ubatizo wake ulikuwa kwa kitabu kile kile cha sala walichokitumia wazee wetu. Mwenyewe baadaye alikiri kwamba alipotoka kisimani alikuwa hajaielewa bado imani aliyoikiri, na kwamba kwa miaka mingi moyo wake ulibaki katikati. Wako Wakristo watakaomlaumu kwa hilo. Sisi twaona heri aliyesema kweli juu ya moyo wake kuliko wengi ambao hatukuulizwa neno kwa kuwa tulibatizwa tukiwa vitoto mikononi. Yule mtoto wao wa kwanza hakufika Ujerumani. Alikufa njiani, katika nchi ya Ufaransa.

Hamburg ilimpokea kwa baridi, baridi ya hewa na baridi ya watu waliokuja kumtazama kama kitu cha maonyesho. Alizaa watoto watatu: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869 na Rosalie mwaka 1870. Kila mmoja alipewa na jina la nyumbani, Thawka, Said na Ghuza. Rosalie hajatimiza miezi minne, mume wake alianguka katika gari la barabarani lililovutwa na farasi, akaumia, na tarehe 6 Agosti 1870 akafa. Salme alikuwa bado hajatimiza miaka 26, katika nchi ambayo lugha yake alikuwa hajaijua vyema, na watoto watatu.

Hapa ndipo makaratasi yanapoanza kuwa mengi. Kwa sheria za Hamburg za wakati ule, mjane hakuachiwa aitawale mali ya marehemu mumewe peke yake; waliwekwa wasimamizi wanaume wa kumwangalia yeye na watoto wake. Yule aliyekuwa na mashamba yake mwenyewe akiwa na miaka kumi na miwili, sasa alipaswa kuomba ruhusa kwa watu baki. Sehemu kubwa ya mali ile ilipotea mikononi mwa wengine. Twasikia mara nyingi Wazungu wakisema kwamba walikuja Afrika kumkomboa mwanamke. Habari hii yatuonyesha kwamba katika jambo la mali, kadhi wa Unguja alimpa Bibi Salme zaidi kuliko hakimu wa Hamburg.

Lakini kwa upande wa Unguja nako mlango ulikuwa umefungwa. Kwa sheria ya Kiislamu, mtu aliyetoka katika dini hamrithi Mwislamu. Majid alifariki mwezi wa Oktoba 1870, miezi miwili tu baada ya Ruete, na Barghash akakaa katika kiti. Miaka iliyofuata ndugu zao kadhaa walikufa, na kila alipokufa mmoja mirathi iligawanywa. Kama Salme angalikuwa bado Mwislamu, angalikuwa na fungu katika kila mgawanyo. Aliandika kwa Barghash mara nyingi, akimkumbusha udugu wao, mambo ya 1859, na watoto yatima. Barua hizo hazikumletea kitu. Tukitaka kuwa waadilifu lazima tuseme kwamba Barghash alikuwa na hoja mbili, ya dini na ya moyo. Ya dini ilikuwa wazi katika vitabu vya wanazuoni wake. Ya moyo ni kwamba dada yake alimwacha akarudi kwa Majid. Sisi twafikiri ya pili ndiyo iliyokuwa nzito.

Mwaka 1875 Barghash alikwenda London kwa ziara. Salme alikopa nguvu akavuka bahari kwenda huko, akitumaini kuonana naye uso kwa uso. Aliyemzuia ni Sir Bartle Frere, na jina hili wasomaji wetu walijue. Frere ndiye aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kwa ajili ya mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, mkataba uliofunga soko la Mkunazini, mahali ambapo siku ya Krismasi ya mwaka ule ule liliwekwa jiwe la msingi la kanisa letu. Mtu huyo huyo alimwendea Bibi Salme, akamtaka asimsumbue Seyyid akiwa mgeni wa Uingereza, na kwa badala yake akampa tumaini kwamba watoto wake wangeangaliwa. Salme alikubali. Barghash alipokwisha ondoka, ahadi ile ilikanushwa, na mjane akarudi Ujerumani mikono mitupu. Twamshukuru Mungu kwa kufungwa soko, na twatoa heshima kwa kila aliyeshiriki kulifunga. Hata hivyo, habari hii nayo imo katika hesabu ya Frere, na haifai kuifuta.

Basi alihama mji hadi mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akitafuta pa kukaa kwa gharama ndogo, akafundisha Kiarabu ili watoto wale. Ilikuwa katika miaka hiyo, afya yake ikiwa mbaya na akiona huenda akafa kabla watoto hawajakua, alipoanza kuyaandika maisha yake, wapate kujua mama yao alitoka wapi.

Mwaka 1885 serikali ya Ujerumani ilimkumbuka ghafla. Sababu haikuwa huruma. Carl Peters alikuwa amekwisha zunguka Usagara akikusanya mikataba kwa machifu, Kaisari ameipa kampuni yake hati ya ulinzi, na Barghash amepinga. Bismarck alipeleka manowari Unguja, na Bibi Salme pamoja na watoto wake wakasafirishwa kwa meli iitwayo Adler, wafike wakati mmoja na manowari hizo. Madai ya mjane yalikuwa fimbo ya kumtishia Seyyid: huyu ni raia wa Ujerumani, ananyimwa haki yake, nasi tumekuja kumtetea. Mwezi wa Agosti mizinga ilielekezwa kwenye jumba la kifalme. Barghash akakubali madai ya Wajerumani juu ya bara. Mara alipokubali, hamu ya kutetea mirathi ya Bibi Salme ilipoa.

Yeye mwenyewe alishuka mjini, baada ya miaka kumi na tisa. Watu walimfuata njiani wakimwamkia, Waarabu na Waswahili, ijapokuwa ilijulikana kwamba Seyyid hapendi. Aliyaona mashamba na majumba ya baba yake, Mtoni ikiwa imeanza kubomoka. Barghash hakutaka kumwona. Alikuwa tayari kutoa fedha kidogo, naye akazikataa kwa kuona kwamba kuzipokea ni kukubali kuwa haki yake ni hiyo tu. Wengine husema alifanya kiburi. Huenda. Lakini mtu anayedai haki na akapewa sadaka ana ruhusa ya kuirudisha.

Mwaka uliofuata, 1886, kitabu chake kilipigwa chapa Berlin kwa Kijerumani katika sehemu mbili, na mwaka 1888 kikatoka kwa Kiingereza. Wataalamu hukihesabu kuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa ambavyo mwanamke wa Kiarabu ameandika habari za maisha yake. Mtu akitaka kujua watu walivyokula, walivyovaa, walivyozaa na walivyozikana katika majumba ya Unguja zama zile, hapana kitabu kinachokizidi.

Kuna sura moja, hata hivyo, ambayo sisi wa Mkunazini hatuwezi kuisoma kwa moyo mwepesi, nayo ni ile ya utumwa. Bibi Salme aliutetea. Aliandika kwamba mtumwa katika nyumba ya Mwarabu hakupata taabu kama mtumwa wa Marekani, kwamba Waingereza walifanya haraka mno kuukomesha, kwamba mtu mweusi ni mvivu asipolazimishwa. Haya aliyaandika akiwa Mkristo aliyebatizwa, miaka mingi baada ya kuondoka, na mama yake mwenyewe aliuzwa akiwa mtoto. Wengi wetu ni wajukuu na vitukuu vya watu waliopandishwa juu ya meza za soko lile, wakalelewa Mbweni na Mkunazini. Tunapozisoma hesabu za mashamba ya Bibi Salme, aliyoyalilia miaka arubaini, twajua kwamba thamani ya shamba ilikuwa karafuu na minazi, na thamani ya karafuu ilikuwa mikono ya watu. Haki aliyodhulumiwa ilikuwa haki kweli kwa sheria ya wakati ule. Lakini ndani ya haki hiyo mlikuwa na dhuluma ya watu wengine, ambao hawakuwa na wasaa wa kuandika barua kwa Bismarck. Katika nchi yetu utumwa haukupoteza nguvu ya sheria mpaka mwaka 1897.

Tumesikia watu wakisema kwamba kwa sababu ya sura ile asitajwe tena. Hatukubaliani nao. Tumesikia na wengine, hasa wanaowaandikia watalii, wakizieleza habari zake kama hadithi ya mapenzi tu, bila kutaja watumwa hata mara moja, na hao hatukubaliani nao zaidi.

Barghash alifariki mwezi wa Machi 1888. Salme akaona mlango umefunguka, akaja Unguja mara ya pili mwaka ule ule pamoja na binti yake Rosalie, kwa gharama yake mwenyewe, bila manowari. Seyyid mpya, Khalifa bin Said, alikuwa ndugu yake pia. Hakupata kitu kwake. Safari hii hata Wajerumani hawakumtaka, maana alikuwa amekwisha wafaa. Aliondoka kwa uchungu, na tokea siku ile hakuiona tena Unguja.

Hakurudi kukaa Ujerumani. Alikwenda Yafa, mji ule ambao Yona alipanda jahazi na Petro akamfufua Dorkasi, kisha akahamia Beirut, akakaa huko zaidi ya miaka ishirini. Twadhani alitaka kusikia Kiarabu njiani na adhana alfajiri, ijapokuwa hakuwa tena mtu wa kuiitikia. Watoto walikua wakashika njia zao. Mabinti wawili waliolewa na Wajerumani. Mwana, Rudolph Said, aliishi baadaye Uingereza, akaandika kitabu juu ya babu yake Seyyid Said, kilichotoka mwaka 1929.

Mwaka 1914 Bibi Salme alirudi Ujerumani, vita vikaanza, na miaka ya vita na njaa akaimaliza huko. Mwana wake aliendelea kuandika kwa niaba ya mama yake, na mwishowe, mwaka 1922, wakati wa Seyyid Khalifa bin Haroub, serikali ya Unguja ilimpa pensheni ya pauni 100 kwa mwaka. Ilikuwa imepita miaka 56 tokea usiku ule wa pwani. Fedha hizo hazikuwa mirathi, wala hazikukaribia kuwa mirathi, lakini zilitoka nyumbani, na mwandishi wake alikuwa mtu wa ukoo wake. Alizipokea.

Alifariki tarehe 29 Februari 1924 katika mji wa Jena, kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na umri wa miaka 79. Mji huo baada ya vita ya pili ulikuwa wa Ujerumani ya Mashariki, nchi ile ile iliyotuletea wataalamu wa kuchora majumba yetu ya Michenzani baada ya Mapinduzi ya 1964. Katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, aliouweka miaka yote. Ulitiwa kaburini pamoja naye, katika makaburi ya Ohlsdorf huko Hamburg, kwenye eneo la ukoo wa Ruete.

Makaratasi yake mwana alikuwa ameyatunza, pamoja na picha na vitabu. Yeye aliyapeleka Leiden, nchi ya Uholanzi, na leo yamo katika maktaba ya chuo kikuu cha mji huo. Ndani yake mlikutwa maandishi ambayo Bibi Salme hakuyatoa alipokuwa hai: barua ndefu kwa rafiki wa Unguja asiyetajwa jina, zikisimulia ugeni wake wa Hamburg, kifo cha mumewe na wasimamizi wale. Mwaka 1993 mtaalamu Mholanzi, E. van Donzel, alizichapa kwa Kiingereza pamoja na kitabu cha kwanza. Jumba la Makumbusho la Forodhani lilipofunguliwa mwaka 1994 lilimtengea chumba, akarudi kwa njia hiyo katika nyumba ya ndugu zake.

Kule Hamburg, mwaka 2019, uwanja mmoja katika mtaa wa Uhlenhorst aliokuwa akikaa uliitwa kwa jina lake. Kisha watu wakaisoma upya ile sura ya utumwa, pakawa na majadiliano, na mwaka 2020 baraza la wilaya likaamua jina liondolewe. Kaburi lipo, na Mkristo yeyote wa kwetu atakayejaliwa kufika Ohlsdorf ataliona.